Al-Banna na sanduku la ufunguo mmoja

Mwanakikoba yeyote wa Mwanjelwa au Makambako anajua kwa nini sanduku la fedha za kikundi lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata mmoja. Ukitaka kumwelewa Hassan al-Banna, mwasisi wa Ikhwanul Muslimin (Udugu wa Kiislamu) wa Misri, anzia hapo. Hotuba zake utazisoma baadaye.

Alizaliwa 1906 Mahmudiyya, mtoto wa fundi saa aliyekuwa pia mwanachuoni. Alihitimu Dar al-Ulum, chuo cha walimu cha Cairo, mwaka 1927, akapangiwa kufundisha shule ya msingi Ismailia, kwenye Mfereji wa Suez. Misikitini watu walikuwa wamegawanyika kwa mabishano, basi yeye akaenda kwenye mikahawa: mawaidha mafupi, lugha nyepesi, hakuna kugusa ugomvi wa makundi. Machi 1928 wafanyakazi sita wa Ismailia wakaungana naye, Ikhwan ikaanza. (Kampuni ya Mfereji, iliyokuwa ya Wazungu, iliwachangia pauni 500 za msikiti. Wanaomsifu huliruka hili.)

Kazi yake bora, kwa maoni yangu, ni usra, yaani "familia", mpango wa mwaka 1943. Watu wachache, kama watano hivi, chini ya naqibu (kiongozi) mmoja, wanakutana kila wiki. Wajibu wao ni mitatu: kujuana, kuelewana, kubebana. Mwenzao akikwama, wanachanga. Mwanakikoba haoni jipya hapa; naye yumo katika watano wanaodhaminiana, na mtoro anajulikana siku ileile.

Kasoro ilikuwa pembeni. Karibu na mwaka 1940 kiliundwa Chombo Maalumu, cha siri, chenye silaha, watu wakila kiapo juu ya msahafu na bastola. Mkuu wake akawa Abd al-Rahman al-Sanadi. Vikundi havikujuana, ili mmoja akikamatwa asiwataje wengine. Lakini siri inayomzuia polisi humzuia pia mkaguzi wa ndani. Machi 1948 jaji Ahmad al-Khazindar akauawa. Novemba polisi wakakamata gari aina ya jeep lenye nyaraka za Chombo na milipuko. Tarehe 8 Desemba serikali ikaivunja Ikhwan. Tarehe 28 mwanafunzi wa Ikhwan akamuua Waziri Mkuu Nuqrashi. Al-Banna alilaani, na bado Januari mtu wa Chombo akajaribu kulipua jengo la mahakama. Tarehe 12 Februari 1949 al-Banna mwenyewe akapigwa risasi Cairo, akiwa na miaka 42.

Wapo wanaomtetea kwamba hakuagiza mauaji yale. Tuseme ni kweli. Mwenyekiti wa kikoba aliyemwachia mtu mmoja funguo zote tatu, fedha zikapotea, wanachama hawamuulizi kama aliiba. Wanamuuliza nani alimruhusu kugawa funguo hivyo.

Mrithi wake, Hassan al-Hudaybi, alimfukuza al-Sanadi mwaka 1953. Oktoba 1954 mtu wa Chombo akamfyatulia risasi Gamal Abdel Nasser, Waziri Mkuu wa Misri, mjini Alexandria, akamkosa.