Kupanga gereji: kazi iko kwenye kurudisha

Gereji nyingi hazijai kwa sababu vitu ni vingi. Hujaa kwa sababu kukiacha kitu chini ni rahisi kuliko kukirudisha kilikotoka. Mtu ana bisibisi mkono huu na balbu mkono ule. Sanduku la vifaa limefunikwa, na juu yake limekaliwa na sanduku jingine. Ataiweka bisibisi juu ya kopo la rangi akisema ataipanga baadaye. Makorokoro yakiendelea kutua hivyo, mwisho gari linalala nje.

Ndiyo maana siungi mkono ule ushauri wa kununua masanduku ya plastiki, kuyabandika lebo na kuyarundika hadi darini. Kwenye picha yanapendeza, lakini la chini halifunguki mpaka ushushe yote ya juu, na mwenye haraka hafanyi kazi hiyo. Masanduku ninayaachia hema, mapambo ya sikukuu na vingine vya mara moja kwa mwaka. Vilivyobaki nina kipimo kimoja: kirudi mahali pake kwa mkono mmoja, bila kufungua wala kuinua kitu kingine.

Kutoa kila kitu nje na kutupa vilivyokufa, hapo sina jipya la kusema. Twende kwenye kuta, maana ndizo zilizokaa bure.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mbao za mshazari. Chukua kipande cha plaiwudi ya milimita 18, upana kama sentimita 15, ukipasue katikati kwa urefu huku msumeno umeinamishwa nyuzi 45. Unapata vipande viwili vyenye ukingo wa mshazari. Kimoja kifunge ukutani, ncha kali ikiwa juu upande wa mbele, ili kati ya mshazari na ukuta ubaki mfereji. Cha pili kifunge mgongoni mwa unachotaka kutundika, iwe rafu ndogo, kishikio cha drili au kisanduku wazi cha misumari, ncha ikielekea chini na mshazari ukikitazama kile kifaa. Kishushe juu ya ubao wa ukutani, vitashikana, na uzito wa kifaa ndio utakaovibana zaidi. Siku ukitaka kuhamisha unanyanyua tu. Hakuna skrubu ya kufungua. Panga mistari kadhaa kuanzia kiunoni hadi mkono unapofika, na ule wa kwanza uupime kwa pimamaji. Ukuta wa matofali utahitaji plagi za plastiki ndani ya matundu. Ukuta wa jipsamu usiuamini peke yake: tafuta nguzo zilizo nyuma yake.

Rafu za kusimama nazo watu huzifanya ndefu na pana mno. Kina cha sentimita 40 kinatosha. Ukizidisha, vitu vya mbele vinaficha vya nyuma na unarudi kulekule kwa masanduku. Urefu bila egemeo usipite sana sentimita 80 kama mzigo ni mzito. Mzigo uleule ukiwekwa kwenye ubao uleule wenye urefu maradufu, ubao utapinda mara 8 zaidi, kwa hiyo ongeza mguu wa katikati. Vizito vikae usawa wa kiuno. Saruji na makopo ya rangi yasikae moja kwa moja kwenye zege, kwani unyevu hugandisha saruji na kutia makopo kutu.

Skrubu ndogo zikae kwenye chupa za kioo. Kifuniko kifunge chini ya rafu kwa skrubu mbili ili kisizunguke. Chupa utaifungua kwa mkono mmoja na kilichomo unakiona.

Petroli naiweka mbali na haya yote, nje ikiwezekana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto wa hita au cheche. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao, ni hatari vilevile: yakirundikwa hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje mpaka yakauke. Kwa hili naomba usiwe na mzaha.

Kisha kuna wenzako wa nyumbani, ambao hawakuwepo ulipoamua nini kinakaa wapi. Chora ukutani umbo la kila kifaa kwa kalamu nene. Hata mtoto ataona koleo halipo. Na karibu na mlango weka rafu fupi, kama sentimita 30 tu, kwa ajili ya vitu ambavyo bado havina pa kukaa. Ikijaa, kila kilichopo kitafutiwe ndoano yake ukutani au kiondoke.