Kaka Kapenda, Mdogo Kaangushiwa Jumba Bovu

Mimi na wafalme wa Uingereza hatujawahi kugombania kitu. Lakini huyu Edward wa Nane, tangu warushe ile makala yake kwenye TV, kwangu hakukaliki. Mama watoto kaitazama mwanzo mwisho, kalowesha upindo mzima wa kanga, halafu akanigeukia: "Umeona wenzako wanavyopenda? Mtu kaacha kiti cha enzi! Wewe kuacha kijiwe cha kahawa tu kumekushinda."

Na mimi niliitazama yote, tena bila kupenda, maana usiku ule kulikuwa na mpira na rimoti alikuwa ameikalia yeye. Kwa hiyo nina haki ya kusema. Na ninachosema ni kwamba watu wanamlilia asiye na msiba.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee George wa Tano alifariki Januari 1936, mwanawe wa kwanza akarithi. Kijana wa miaka 41, tumwite kijana kwa sababu hakuwa na mke. Moyo wake ulikuwa kwa Wallis Simpson, mama wa Kimarekani aliyekwisha kuachana na mume mmoja, na wa pili bado alikuwa naye ndani ya ndoa. Oktoba mama akaenda mahakamani Ipswich kuomba talaka ya pili. Sasa mfalme wa kule ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kanisa lake enzi hizo lilikuwa halitaki kusikia habari ya mtu kuolewa tena wakati mume aliyemtaliki yuko hai. Huyu alikuwa nao wawili, wote wazima wa afya. Waziri mkuu, Mzee Baldwin, akasema hapana. Mfalme akajaribu kupunguza bei: basi nimuoe, ila asiitwe malkia. Mawaziri wakakataa, Australia na Kanada nazo zikakataa.

Kilichonishangaza zaidi ni magazeti. Ya Marekani yalikuwa yanaandika kila kitu, ya Uingereza yalinyamaza hadi mwanzoni mwa Desemba. Mtaani kwetu siri ya hivyo isingefika hata saa ya kumwagia kuku mchele.

Tarehe 10 Desemba akasaini kujiuzulu, mashahidi ni wadogo zake watatu. Kesho yake jioni akahutubia redioni, akasema mzigo ule hawezi kuubeba bila msaada wa mwanamke anayempenda, na usiku uleule akaenda kupanda meli Portsmouth. Siku 326 tu, hata taji hakuwahi kuvikwa.

Hapo ndipo mama watoto alipoangua kilio. Mimi macho yalikuwa kwa mdogo mtu.

Mdogo mtu jina lake Albert, nyumbani wakimwita Bertie. Mtu mpole, ana mke wake na mabinti wake wawili, ana kigugumizi, na kitu anachokiogopa kuliko vyote ni kuhutubia watu. Wiki ile kaka yake yuko nyumbani kwake Fort Belvedere anaamua mambo, Bertie anapiga simu anataka waonane. Anaambiwa subiri. Anapiga tena, subiri. Siku zinakwenda, ufalme unamjia kichwani kama nazi, na mwenye mnazi hapokei simu. Mwisho akaitwa, akaelezwa kwamba mambo yameisha, kiti ni chake. Alipokwenda kumweleza mama yao, Malkia Mary, aliandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zake kwamba alilia kwa kwikwi kama mtoto.

Mtu mzima! Nilimwelewa mpaka nikasogeza kiti.

Kwa sababu mimi ni mtoto wa pili. Kwetu kijijini baba alipofariki, kigoda kilikuwa cha kaka. Ndiye aliyefundishwa mipaka ya shamba, ndiye aliyekuwa anapewa firigisi. Halafu kaka akapenda. Akamfuata mama mmoja mwenye duka la vipuri Tunduma, akatuma ujumbe kwamba mambo ya ukoo hayawezi kwa sasa, "mdogo wangu atasimamia". Mdogo wake nilikuwa nanyoa ndevu. Nilisikia kwa shangazi.

Tangu siku hiyo mimi ndiye mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa kulaumiwa. Msiba ukitokea, simu inalia kwangu. Binti akiposwa, mimi ndiye wa kukaa na washenga na kujifanya nina sura ya kutisha. Jirani akisogeza mpaka hatua mbili ndani ya mihogo, mimi ndiye wa kwenda serikali ya kijiji kuzungushwa njoo kesho. Bati la mama likivuja, fundi anataka malipo ya awali na nauli.

Na kaka? Kaka anapiga simu kutoa ushauri!

Ndiyo maana makala ilipofika hapo nilipiga goti kwa kofi. Maana Edward naye, kafika Austria kwenye kasri la rafiki yake Rothschild, anamngoja Wallis talaka iive, akawa anampigia Bertie simu kila mara kumfundisha kazi. Hili lifanye hivi, lile usikubali, mawaziri waambie vile. Kazi aliyoikimbia mwenyewe! Mpaka Bertie akabidi amwambie simu zikome. Mimi kumwambia kaka hivyo sijathubutu, ni mkubwa wangu. Huanza na "Mdogo wangu, pale uliteleza," huendelea mpaka betri yangu inaingia kwenye nyekundu, na humalizia na "nirushie kidogo, weka na ya kutolea."

Sasa twende kwenye pesa, ambazo mama watoto anasema mapenzi hayaangalii. Mashamba ya Sandringham na Balmoral hayakuwa mali ya serikali, yalikuwa ya Edward mwenyewe kwa urithi. Kwa hiyo Bertie, ambaye hakuomba kazi, ikabidi amnunulie kaka yake nyumba za baba yao ndipo apate kuzikaa. Juu yake kukawa na posho ya kila mwaka. Na wakati wa mazungumzo Edward alilia ufukara, kumbe alikuwa na akiba nene aliyoikusanya miaka yote ya kuwa mwana wa mfalme. Bertie alikuja kugundua baadaye. Nilimwangalia mama watoto, nikamwona ameinamia simu. Kaka yangu alivyoondoka alitaka nimlipe "haki yake" ya minazi. Nililipa. Minazi yenyewe ilikuwa imezeeka.

Ndoa ikafungwa Ufaransa tarehe 3 Juni 1937, na ukitaka kumjua mtu, hiyo ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya marehemu baba yao. Katika kalenda nzima! Ndugu hakwenda hata mmoja. Halafu maisha yake yote akawa ananung'unika kwa nini mkewe hapewi cheo cha Mtukufu kama wake wa wadogo zake. Hili nalo nalijua. Shemeji wa Tunduma alipokuja kwenye arobaini, kaka alitaka akalie mkeka wa mbele na mama zangu wakubwa. Aliyesuluhisha ni nani? Oktoba mwaka uleule wa ndoa, maharusi wakaenda Ujerumani kumtembelea Hitler. Sehemu hiyo mama watoto alikuwa jikoni.

Na msidhani Edward alianzia 1936. Mwaka 1928 alikuja kuwinda huku kwetu, Kenya na Tanganyika. Zikaja simu za maandishi kutoka London kwamba baba yake yu hoi. Msaidizi wake alieleza baadaye kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa ni kwamba hizo ni janja za Baldwin za uchaguzi. Baadaye ndipo akapanda manowari Dar es Salaam kurudi. Mtoto wa kwanza huyo! Ningefanya hivyo mimi, shangazi angenilaani hadi wajukuu.

Tena sisi tulimtumia kwenye chenji. Kuna senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za 1936 zenye jina lake, zile za tundu katikati, juu taji, upande wa pili pembe za ndovu. Babu alikuwa nazo kwenye kopo la majani ya chai. Kwao Uingereza alitoka kitini kabla sarafu zake hazijaingia mifukoni. Huku kwetu ziliingia. Hata kwa mfalme mtoro, sisi ndio tulibaki na chenji.

Bertie akatawala kwa jina la George wa Sita. Kavaa taji tarehe ileile ya Mei 1937 iliyokuwa imepangwa kwa kaka yake, maana maandalizi yalishafanywa. Kapambana na kigugumizi, kapita na Vita vya Pili vya Dunia mwanzo mwisho, kavuta sigara. Kafariki Februari 1952 na miaka 56, binti yake Elizabeth akiwa safarini Kenya, akarudi malkia. Edward baada ya ugavana wa Bahamas, kazi aliyoiona ndogo, akatulia Paris. Karamu, gofu, mbwa. Alikufa 1972, miaka 77. Fanyeni hesabu wenyewe nani alipenda na nani aligharamia.

Hesabu hiyo ilinitia hamasa. Kikao cha ukoo kilichofuata nilisimama, nikakohoa, nikawaambia wazee kwamba na mimi naachia kigoda kwa ajili ya mapenzi. Kimya. Shangazi akauliza, mapenzi ya nani? Nikasema, ya mama watoto.

"Huyo si unaye tayari?" akasema shangazi. "Kaa chini. Tuendelee na bati."