Picha za skrini vitabuni: si kila dirisha linahitaji kibali

Mwandishi wa kitabu cha kitaaluma akishamaliza muswada, mchapishaji humtumia fomu ya vibali: kila picha ambayo si yake iambatane na barua ya mwenye hakimiliki. Kwa kazi ya mpiga picha au mchoro wa msanii, sina ubishi. Lakini picha za skrini za menyu ya programu ya takwimu au kisanduku cha mipangilio nazo huingizwa kwenye fomu hiyohiyo. Hapo naona tunakosea, ingawa hoja za wachapishaji si za kupuuzwa.

Kitabu huuzwa nchi nyingi, na sheria hazifanani. Marekani ina kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976, kinachoruhusu matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila kibali chake, baada ya kupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi hiyo. Uingereza haina mlango mpana namna hiyo. Ina ruhusa mahususi, kama ya uhakiki na, tangu 2014, ya kunukuu. Kinachopita salama New York huenda kikazua maswali London. Tena mikataba mingi humbebesha mwandishi dhamana, kwamba likizuka dai, mzigo ni wake. Ukilinganisha na kuondoa nakala madukani, barua pepe ya kuomba ruhusa ni nafuu.

Ni nafuu ikijibiwa. Mara nyingi kampuni iliyotengeneza programu imeshanunuliwa au imefungwa, au barua inaishia kwa mhudumu wa wateja asiye na mamlaka ya kuamua lolote. Na ruhusa ikipatikana inaweza kuja na mipaka: toleo la kwanza tu, nakala za karatasi tu. Kitabu kikitoka kwa mfumo wa kielektroniki, unaanza upya.

Linaloniuma zaidi ni uhakiki. Chukua mtafiti anayeandika jinsi tovuti zinavyowasukuma watu kukubali kufuatiliwa. Ushahidi wake ni kisanduku kimoja: kitufe cha "Kubali" ni kikubwa, cha buluu, "Kataa" imeandikwa chini yake kwa herufi ndogo za kijivu, wala haina umbo la kitufe. Hoja yote imo katika rangi na ukubwa. Akiambiwa aieleze kwa maneno au achore mchoro wake mwenyewe, msomaji anabaki kumwamini tu, hana cha kukagua. Akiambiwa aombe ruhusa, anamwomba anayemkosoa ampe silaha. Kampuni ikikaa kimya, ukurasa umefutika bila mtu yeyote kupiga marufuku chochote.

Mahakama nazo hazijakipa kiolesura, yaani menyu, vitufe na visanduku anavyoviona mtumiaji, ulinzi mnene kama fomu zinavyodhani. Katika kesi ya kampuni za programu Lotus na Borland ya 1995, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba mpangilio wa amri za menyu ni njia ya kuendesha programu, hivyo haulindwi na hakimiliki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iligawanyika nne kwa nne, uamuzi ukabaki. Ulaya ilichukua njia tofauti: mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kiolesura hakilindwi kama programu, ila kinaweza kulindwa kama kazi nyingine yoyote kikiwa na ubunifu wa aliyekitengeneza. Kesi hizo hazikuhusu vitabu. Iliyo karibu zaidi ni ya Bill Graham Archives dhidi ya Dorling Kindersley, ya 2006, juu ya mabango ya matamasha yaliyochapishwa kwa ukubwa mdogo katika kitabu cha historia ya bendi. Mchapishaji, Dorling Kindersley, alikuwa ameomba leseni kwa wenye mabango, wakashindwana bei, akachapisha. Mahakama ilisema ni matumizi ya haki, na kwamba kuwa tayari kulipia hakumnyimi mtu haki ya kutumia bila kulipa. Wanaoogopa kwamba kuuliza ni kukiri wajibu wajiliwaze kwa kesi hiyo.

Kampuni nyingine zimerahisisha kazi. Microsoft, kwa mfano, imetangaza masharti ya kutumia picha za skrini za bidhaa zake bila kuandikiana barua. Lakini soma masharti yenyewe: usibadilishe picha isipokuwa ukubwa, usitumie kipande chake. Mwandishi anayetaka kukata kitufe kimoja na kukiwekea mshale ameshatoka nje ya ruhusa, wakati pengine sheria ingemruhusu. Kwa programu huria mambo ni mepesi zaidi, ingawa leseni bado inafaa kusomwa.

Upande ambao wachapishaji wako sahihi kabisa ni wa vilivyomo ndani ya dirisha. Ramani, picha ya mtu, ukurasa wa gazeti uliofunguliwa kwenye kivinjari, majina katika kikasha cha barua pepe: hivyo vina wenyewe, na kibali cha mwenye programu hakivigusi. Hapo barua ni lazima, au mwandishi afungue programu ileile akiwa na data aliyoitunga mwenyewe, kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo fomu ingeuliza kwanza picha inaonyesha nini na inafanya kazi gani katika hoja. Menyu inayoelezwa hatua kwa hatua, au kisanduku kinachohakikiwa, ipite kwa kutaja jina la programu, toleo na tarehe ya kupiga picha. Na mhariri anayekubali picha hiyo achukue sehemu ya dhamana, badala ya kumwachia mwandishi peke yake.