Chura wa Kwenye Friji

Kuna picha imezunguka mitandaoni miaka nenda miaka rudi: chura kashika jani juu ya kichwa mfano wa mwavuli, mvua inamnyeshea. Watu wanamwaga vikopakopa. Mimi nikiiona huwa najiuliza swali moja tu: huyo chura aliwekwaje pale?

Ukikaa kidogo na wapiga picha za viumbe wadogo, utasikia siri zao. Mmoja atakwambia humtia chura kwenye friji kwanza. Joto la mwili wa chura hufuata la mazingira, kwa hiyo akipoa misuli inalegea, anakaa utakavyomkalisha. Mwingine humning'iniza kwa uzi, halafu anaufuta uzi kwenye kompyuta. Na yule chura mwenye kinywa wazi ambaye watu wanasema anacheka, hacheki. Chura hana kicheko.

Kishawishi nakielewa, nisiwe mnafiki. Ukimpiga kiumbe kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi cha kamera, yaani kile kibamba kinachopokea picha, hata ukibana tundu la lenzi likawa dogo, tuseme f/11, sehemu inayotoka wazi haifiki milimita mbili. Jicho likiwa safi, pua imeshaingia ukungu. Ukizidi kulibana tundu, picha nzima inaanza kupoteza ukali. Wengi hupiga fremu kadhaa, kila moja fokasi imesogea unywele, kisha wanaziunganisha. Sasa muombe mjusi akae kama sanamu muda wote huo, na lenzi ya milimita 100 iko kama sentimita 15 kutoka usoni pake!

Dhambi yangu nami ninayo. Siku moja nilisogeza jani lililokuwa linamziba mjusi, nikaupata mkia wake peke yake, unarukaruka chini. Mjusi kaenda. Mkia huota tena, ndiyo, lakini unaoota una gegedu badala ya mfupa, na kwa mijusi wengi mkia ndiyo akiba ya mafuta. Nilimnyang'anya ghala kwa ajili ya fremu ambayo hata haikutoka vizuri. Tangu hapo jani likiziba, limeziba.

Na chura simshiki. Ngozi yake ndiyo inayonywa maji na kumsaidia kupumua, wewe unakuja na mkono uliopakwa dawa ya mbu! Tena kuna kuvu wa ngozi anayeua vyura, aliyepewa jina rasmi mwaka 1999, na hubebwa hata na matope ya buti kutoka bwawa hadi bwawa. Buti huoshwa na kukaushwa kabla ya safari nyingine.

Huwa naulizwa: mbona nawe unawapiga kerengende alfajiri, wakiwa wamepoa na umande umewajaa mpaka machoni, hiyo si baridi ile ile? Hapana. Kerengende kalichagua lile bua mwenyewe jioni. Jua likimfika ataanza kutetemesha mabawa ajipashe moto, na mimi nina dakika zangu chache tu. Nikichelewa ni shauri yangu.

Anayenifundisha adabu zaidi ni kinyonga. Mtu hudhani kwa mwendo ule ni kazi rahisi. Thubutu! Ukisogea kulia, naye anazungukia upande wa pili wa kijiti, polepole, kijiti kinabaki katikati yenu. Ukirudi kushoto, anarudi. Anajibana mbavu mpaka anakuwa mwembamba kama jani. Kuna wanaomchokoza makusudi ili rangi zipande. Kinyonga aliyekasirika huwaka kweli kweli, lakini huo ni ugomvi umeupiga picha.

Niliyemfuata mimi mara ya mwisho alinizungusha hadi magoti yakafa ganzi. Nilichopata ni vidole vyake vimeshika kijiti, viwili upande huu na vitatu ule kama koleo, na juu yake jicho moja, limechongoka kama pia, na katundu kadogo katikati, linachungulia. Mwili wote uko nyuma ya kijiti. Picha hiyo niliipandisha mtandaoni bila kutaja mahali, maana wapo wanaowinda vinyonga wa kuuza kwa kufuata picha za watu.

Imepata vikopakopa kumi na moja. Mtu mmoja ameuliza mnyama yuko wapi.