Mchango: Moyo au Deni?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuingizwa katika kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi nchini Kenya anajua jinsi moyo huo unavyosukumwa na orodha ambayo mweka hazina huituma kila jioni, jina upande huu na kiasi upande ule. Je, tunatoa kwa huruma, au kwa sababu tunaonekana?

Wanaoishuku nia ya mtoaji wana ushahidi wa kutosha. Harambee, ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, ilijenga shule nyingi kiasi kwamba katika miaka ya 1970 sekondari za harambee zilizizidi kwa idadi zile zilizogharimiwa na serikali. Lakini jukwaa hilohilo likageuka mahali pa wanasiasa kutangazia bahasha zao, na machifu wakadai mchango kwa wananchi waliofika ofisini kutafuta huduma tu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilikusudia kuwazuia watumishi wa umma wasichangishe kwa kutumia vyeo vyao. Bado, Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Bahasha inayotangazwa kwa kipaza sauti uchaguzi ukikaribia ni vigumu kuiita sadaka.

Pamoja na hayo, sikubali kwamba kutarajia kufaana kunaharibu wema wenyewe. Msichana wa miaka kumi na minne huteka maji na kuosha sufuria kwenye matanga ya jirani, maana hana kingine cha kutoa. Akipata kazi mjini hutuma pesa kwa M-Pesa, kwa kuwa hawezi kufika. Uzeeni, kipato kikiwa kimepungua, hukesha na wafiwa, na aghalabu hilo ndilo wanalolikumbuka kuliko fedha. Katika kila umri hutoa alichonacho, na mara nyingi huwa anarudisha alichopewa, ingawa si kwa walewale waliompa: ada yake ya kidato cha kwanza ilichangwa na wazee ambao baadhi yao wamekwisha kufariki, hivyo deni lao hulilipa kwa mtoto wa mtu mwingine. Deni la namna hii sioni kwa nini tusiliite upendo.

Shirika la Charities Aid Foundation la Uingereza, ambalo liliiweka Kenya nafasi ya pili duniani kwa ukarimu mwaka 2021 na tena 2024, liliangalia katika vipimo hivyo kama watu walimsaidia mtu wasiyemjua, walitoa fedha, au walijitolea muda wao. Kipimo hicho angalau kiliutambua muda. Orodha ya mweka hazina haiwataji kina mama walioamka alfajiri kupika, wala vijana waliochimba kaburi.

Orodha nayo ina utetezi wake: bila kuandikwa hadharani, fedha za msiba huliwa, na hakuna wa kuulizwa. Hata Kurani (2:271) husema sadaka ikidhihirishwa ni vizuri, na ikifichwa wakapewa mafukara ni bora zaidi. Kwangu mimi, swali zito ni kama mtu anaweza kusema hana na bado akabaki na heshima yake. Kamati ingeweza kutangaza jumla na majina bila viwango, kisha kila mchangaji akathibitishiwa kiasi chake kwa faragha, na hesabu ikabaki wazi kwa wafiwa. Nimewaona watu walioahidi wakashindwa wakijiondoa kwenye kundi usiku, na siku ya mazishi hawakufika, ilhali jembe walikuwa nalo na nguvu za kuchimba walikuwa nazo.