Barua ya pili ndiyo inayomfundisha mtoto kuandika

Mtoto akipewa insha anajua vizuri nani ataisoma: mwalimu mwenye kalamu nyekundu, ambaye ndiye aliyeitunga mada. Kwa hiyo anaandika "Jana tulicheza na tulifurahi sana," anaweka nukta, anafunga daftari. Ukimwambia aipitie upya, atasahihisha tahajia ya maneno mawili matatu na kuirudisha. Hana kosa. Msomaji wake hajalalamika kwamba amepungukiwa na kitu, sasa aongeze nini?

Rafiki wa kalamu, yaani mtoto wa shule nyingine anayeandikiana naye barua, hayumo darasani. Hajui mlicheza nini, nani alishinda, wala kwa nini mlifurahi. Asipoelezwa atauliza, na swali lake litarudi kwa maandishi, kwa jina la mtoto yuleyule: "Mlicheza mchezo gani?" Swali hilo moja lina nguvu kuliko maelezo ya mwalimu ya muhula mzima kuhusu "kutoa maelezo ya kutosha". Ndiyo maana nasema barua ya kwanza hufundisha kidogo sana. Inayofundisha ni ya pili, ile inayoandikwa mtoto akiwa ameshika jibu mkononi. Mpango wa kubadilishana barua unaoishia kwenye barua moja humpa mtoto msisimko wa siku moja tu. Walimu wawili wanaotaka kuanza wapange barua nne kila upande kwa mwaka. Wakishindwa nne, wapange tatu. Chini ya hapo ningeshauri muda huo watumie kwa kazi nyingine.

Nitengue kwanza dhana moja. Barua za mashindano ni kitu kingine. Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukiendesha mashindano ya kimataifa ya uandishi wa barua kwa vijana tangu 1971, nayo ni kazi nzuri. Mada ya 2025 ilimtaka mtoto ajifanye bahari na kumwandikia mtu. Lakini msomaji wa barua ile ni jaji, na jaji haandiki majibu. Mtoto hujifunza kupamba lugha, ila hagundui mahali ambapo msomaji alipotea njia.

Barua moja inahitaji vipindi vitano vya dakika 30 hadi 40, tena katika siku tofauti. Wengi hujaribu kuibana katika vipindi viwili, na kinachokatwa kila mara ni kupitia upya, yaani sehemu yenyewe tuliyoitafuta.

Kipindi cha kwanza ni cha kupanga. Barua ya rafiki isomwe mara mbili: mara ya kwanza kwa raha tu, mara ya pili kwa penseli. Kila swali lipigiwe mstari, na kila jambo lililomshangaza mtoto liwekewe nyota pembeni. Kisha akunje karatasi sehemu tatu na kuandika juu ya kila sehemu: "Ameniuliza", "Nina la kumwambia", "Nataka kujua". Chini yake aweke maneno matupu, kumi hadi kumi na tano kwa karatasi nzima. Usimruhusu kuandika sentensi kamili hapo. Akiandika sentensi, kesho atazinakili kama zilivyo na kuziita rasimu. Katika barua ya kwanza, ambapo hakuna swali la kujibu, wanafunzi wahojiane wawiliwawili kwa dakika tano kila mmoja, na mhojaji ndiye aandike maneno. Watoto wengi hudhani hawana la kusema mpaka mtu awaulize.

Rasimu iandikwe kwa penseli, upande mmoja wa karatasi, huku mstari mmoja ukirukwa kila mara. Nafasi zile tupu ndizo chumba cha marekebisho. Mtoto aliyejaza karatasi hataongeza kitu hata akitaka, kwa sababu hana pa kukiweka. Upande wa nyuma unaachwa wazi ili karatasi iweze kukatwa kwa mkasi na aya kupangwa upya. Kwa miaka saba na minane, sentensi tano hadi nane zinatosha. Miaka tisa na kumi, aya tatu. Kuanzia kumi na moja, ukurasa mmoja na nusu. Ukidai zaidi, utapata maneno ya kujaza nafasi.

Na maneno ya kujaza nafasi tunayo tele, tena tumeyarithi. "Natumaini u buheri wa afya. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali." Nusu ya ukurasa imekwisha na rafiki hajaambiwa kitu. Sisemi salamu ziondolewe. Kuingia kwenye habari bila kusalimu ni utovu wa adabu, na mtoto anapaswa kulijua hilo. Nasema ziwe sentensi moja au mbili, zake mwenyewe, na sentensi inayofuata iguse jambo kutoka katika barua ya rafiki: "Uliposema mbwa wako anaogopa mvua, nilicheka." Sentensi hiyo inamwonyesha rafiki kwamba barua yake ilisomwa, nayo humvuta mwandishi mdogo kwenye habari zenyewe. Muundo wa barua ya kirafiki (anwani na tarehe juu kulia, salamu, utangulizi, kiini, hitimisho, kisha "Wako" na jina) unafundishwa kwa dakika kumi kwa barua moja ya mfano ubaoni. Haustahili kipindi kizima.

Kipindi cha tatu ndicho moyo wa kazi. Kupitia upya ni kushughulikia habari: nini kimekosekana, nini hakieleweki, nini kimerudiwa, nini kimewekwa mahali pasipo pake. Tahajia haiguswi siku hii. Mwandishi anamsomea mwenzake rasimu kwa sauti, mwenzake anasikiliza bila kuiona karatasi. Hilo la kutoiona ni muhimu: akiiona ataanza kuwinda herufi zilizokosewa. Baada ya kusikiliza, msikilizaji haruhusiwi kusema "nzuri" wala "mbaya". Anauliza maswali mawili tu yanayoanza na nini, nani, wapi, vipi au kwa nini. Mwandishi anajibu kwa mdomo, kisha anaandika jibu lake kwenye rasimu palepale panapohusika. Palipobana anaweka nyota na namba, na kuandika nyongeza upande wa nyuma kwa namba hiyohiyo.

"Jana tulicheza na tulifurahi sana" ikipitia maswali hayo hutoka hivi: "Jana tulicheza mpira kwenye matope. Kipa wetu aliteleza hata kabla mpira haujamfikia, tukafungwa, lakini tulicheka mpaka mwamuzi naye akashindwa kupuliza filimbi." Angalia neno "tulifurahi" limekwenda wapi. Halihitajiki tena, maana kicheko kinaonekana. Hapa mwalimu asimame na aonyeshe kwamba kupitia upya ni kuondoa pia. Watoto hudhani kuboresha ni kurefusha, na tukiwasifu kwa urefu tunawathibitishia.

Katika uandishi wa barua, tatizo la kawaida kuliko yote ni dodoso. "Unapenda rangi gani? Unapenda somo gani? Una ndugu wangapi? Unapenda mchezo gani?" Maswali kumi, na kila moja linajibika kwa neno moja, rafiki atarudisha maneno kumi na maswali mengine kumi, na mazungumzo yatakuwa yamekufa kabla ya barua ya tatu. Chanzo chake mara nyingi ni fomu ya mfano yenye nafasi za kujaza, iliyogawiwa na mwalimu kwa nia njema. Kanuni inayoponya ni rahisi: maswali matatu kwa barua, na kila swali litanguliwe na habari ya mwandishi mwenyewe. "Mimi nikishikwa na woga gizani huhesabu mpaka mia. Wewe hufanyaje?" Swali la namna hii hujibiwa kwa aya.

Kuhariri kunakuja kipindi cha nne, na kunafanywa kwa raundi. Raundi ya kwanza herufi kubwa, ya pili nukta na alama za kuuliza, ya tatu tahajia. Ukimtaka mtoto atazame yote kwa pamoja, hataona hata moja. Kwa tahajia, asome kuanzia sentensi ya mwisho kwenda ya kwanza; habari ikivunjika, jicho huacha kuteleza juu ya maneno linayoyajua. Mwalimu asisahihishe rasimu nzima kwa mkono wake, kwani mtoto anayenakili masahihisho ya mwalimu hajahariri chochote. Aweke nukta ndogo pembeni mwa mstari wenye kosa na amwache mwenyewe alitafute, mistari mitatu au minne kwa barua. Makosa mengine yatabaki na yatasafiri, na mimi nayakubali, mradi rafiki ataelewa. Ila walimu wawili wakubaliane mapema. Darasa moja likituma barua zisizo na doa na jingine likatuma zenye makosa, watoto watalinganisha, na aliyekosea ataona haya kuandika tena.

Nakala safi inaonekana kazi nyepesi, lakini ndipo mistari hupotea. Neno moja likianza mistari miwili, jicho huruka kutoka wa kwanza hadi wa pili na sentensi nzima humezwa. Rula iwekwe chini ya mstari unaonakiliwa, na kila sentensi iliyokwisha nakiliwa itiwe alama ya vema kwenye rasimu. Kisha bahasha, na kabla ya bahasha, picha au fotokopi ya barua. Hii nakala wengi huisahau. Jibu likichelewa wiki tano au sita, mtoto hakumbuki aliuliza nini, na akisoma "Ndiyo, mbili" hajui ni mbili za nini.

Watafiti wa uandishi Linda Flower na John Hayes walionyesha mwaka 1981 kwamba mwandishi hapandi hatua hizi kama ngazi. Hurudi kupanga akiwa katikati ya rasimu, na huhariri hapa na pale kabla ya wakati. Kwa hiyo siku tano nilizotaja zinampa mwalimu utaratibu wa darasa tu. Mtoto akija kipindi cha nne na kusema amekumbuka jambo zuri la kumwambia rafiki, mpe karatasi. Huyo ndiye aliyeelewa somo.

Alama zisiwekwe kwenye barua. Kama lazima upime, pima furushi: mpango, rasimu, nyongeza za nyota, orodha ya raundi za kuhariri. Hesabu mabadiliko ya habari peke yake na ya tahajia peke yake, kisha ulinganishe barua ya kwanza na ya nne. Mtoto aliyebadilisha herufi sita na habari sifuri mwanzoni, kisha akaja kuongeza sentensi tatu na kufuta moja, amekua hata kama mwandiko wake bado unayumba.

Upande wa usalama hauna mjadala: jina la kwanza tu, anwani ya shule, hakuna namba ya simu, hakuna anwani ya nyumbani wala picha ya sura, na walimu wote wawili husoma kila barua. Watoto waambiwe hivyo siku ya kwanza, wasije wakagundua baadaye wakadhani wamechunguzwa kwa siri. Barua zote ziende katika furushi moja, tarehe ikiwa imekubaliwa, ili asitokee mtoto mmoja anayekaa mikono mitupu wenzake wakifungua bahasha. Darasa moja likiwa na 28 na jingine 33, watano katika darasa dogo waandike barua mbilimbili, wale wenye pumzi ya kuandika, na wao wenyewe waulizwe kwanza. Kwa mtoto aliyekosa shule wiki ya kuandika, mwalimu aandike kwa mkono wake barua fupi inayomweleza rafiki kwamba jibu liko njiani. Posta ikichelewa mno, walimu wanaweza kupiga picha za barua zilizoandikwa kwa mkono na kutumiana kwa barua pepe, kisha kila upande uchapishe na kugawa siku moja. Mazungumzo ya papo kwa papo kwenye simu nayapinga kwa kazi hii, kwa kuwa jibu likija ndani ya dakika moja mtoto hana haja ya kufikiria mapema rafiki atakwama wapi.

Barua ya nne itangazwe mapema kuwa ya mwisho, pande zote mbili. Kanuni ya maswali matatu hapo inageuka: barua hiyo haina swali hata moja, kwa sababu hakuna jibu litakalokuja. Mahali pa maswali mtoto aandike jambo moja aliloambiwa na rafiki yake ambalo bado analikumbuka bila kuangalia nakala.