Treni au basi? Msafiri wa Tanga, mabegi yake na uwanja wa ndege

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, mazungumzo ya safari hapa Tanga yamebadilika. Mtu akisema anampeleka mwanawe uwanja wa ndege, hakosi wa kumuuliza kwa nini asitafute treni. Wapo wanaoikumbuka reli ya Tanga ilipokuwa na abiria wengi, nao wanaamini kwamba kwa mwenye mizigo hakuna kama behewa. Wapo pia wasiotaka hata kuusikia mjadala huo: basi linaondoka stendi ya Kange alfajiri, mchana uko Dar, unatafuta nini kingine?

Jambo hili linawagusa watu wengi hapa kwetu. Kuna wazee wanaokwenda umra na hija, vijana wanaokwenda kusoma au kutafuta kazi nchi za Ghuba, na mama anayekwenda kumlea mjukuu kwa bintiye ughaibuni. Wote hao wana mabegi mazito, na wote wanakimbizana na ndege isiyomsubiri mtu. Kwa maoni yangu, tunakosea pale tunapopima nauli na mwendo peke yake. Kinachomchosha na kumponza msafiri wa namna hii ni mara ngapi atashusha mzigo na kuupakia upya. Kila anaposhusha kuna kusubiri, kuna kulipa, na kuna nafasi ya kitu kupotea. Kwa kipimo hicho, kwa mtu wa Tanga mjini leo, basi linashinda. Lakini linashinda kwa tofauti ndogo kuliko wapenzi wake wanavyodhani, na ipo njia moja ambako linashindwa kabisa.

Tuanze na treni, maana ndiyo inayosifiwa zaidi kuliko inavyojulikana. Wajerumani walianza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Moshi. Ilijengwa ili kuteremsha mazao kutoka bara kuja bandarini, wala haikuelekezwa Dar es Salaam. Kipande kinachoiunganisha na Reli ya Kati, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kilikuja baadaye sana, mwaka 1963. Historia hiyo bado inatugharimu. Treni ya abiria ya kaskazini iliporudi, Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020, ilirudi kwa njia hiyo ya Ruvu na kupitia Korogwe. Kwa hiyo mtu wa Chumbageni au Makorora anayetaka kuipanda inambidi kwanza apakie mabegi kwenye gari, asafiri zaidi ya saa moja mpaka Korogwe, ayashushe, asubiri treni, ndipo ayapandishe behewani. Na treni hiyo si ya kila siku. Tarehe ya ndege isipoangukia vizuri, utalazimika kuwahi Dar na kulipia malazi.

Ukishaipanda, hata hivyo, ubora wake hauna ubishi. Begi unakaa nalo ndani, unaliona. Mzee mwenye kisukari au mama mwenye mtoto mchanga hahitaji kumbembeleza dereva asimame porini, choo kipo. Anayetaka kujinyoosha anajinyoosha. Jambo jingine ambalo watu wa basi hawalitaji ni kwamba treni inaishia katikati ya jiji, na kutoka huko hadi uwanja wa Julius Nyerere ni takriban kilomita 12, moja kwa moja kwa Barabara ya Nyerere. Aliyeshuka stendi ya mabasi ya Mbezi yuko mbali zaidi ya hapo. Kwa mtu wa Korogwe au Mombo, ambaye stesheni iko mlangoni pake, mimi nisingethubutu kumwambia aiache treni, mradi tu awasili Dar siku moja kabla ya ndege. Hiyo siku moja ni ya lazima. Reli ya zamani hucheleweshwa na mengi, na masika yakikaza, mvua huweza kuikata njia.

Sasa basi. Kutoka Kange hadi Dar ni kama kilomita 350, kupitia Muheza, Segera, Mkata na Wami hadi Chalinze, kisha Mlandizi na Kibaha. Njia imekuwa nafuu kuliko zamani: daraja jipya la Wami lilianza kupitisha magari mwaka 2022, na lile jembamba la zamani, ambalo magari yalikuwa yakisubiriana, halitutesi tena. Mabasi mengine hukatiza Msata na kuingilia Bagamoyo. Tangu mwaka 2023, mabasi ya usiku nayo yameruhusiwa, jambo lililowasaidia sana wenye ndege za mchana. Na kikubwa zaidi, mabasi ni mengi. Ukilikosa la saa 12 asubuhi, kuna linalofuata. Kwa mwenye tiketi ya ndege, wingi huo ni bima ambayo treni haiwezi kumpa.

Lakini tulitazame buti kwa karibu. Unafika Kange mapema kama ulivyoagizwa, utingo anachukua begi lako na kulisukuma mpaka ndani kabisa. Kisha vinakuja vifurushi: maboksi ya maduka, viroba vya machungwa ya Muheza, mfuko wa shangazi kaja uliofungwa kamba, ndoo ya samaki ambayo mwenyewe anaapa haivuji. Aliyewahi ndiye atakayetoa begi la mwisho. Ukifika Stendi ya Magufuli pale Mbezi, wabeba mizigo wanalifuata basi kabla halijasimama, milango ya buti inafunguliwa pande zote mbili, na wewe bado uko kwenye ngazi nyuma ya abiria walioinuka mapema. Hizo dakika chache ndizo mabegi hubadilishwa, mara nyingi bila nia mbaya, maana mabegi meusi ya magurudumu yanafanana yote. Funga kitambaa cha rangi kwenye mkono wa begi, andika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, na dai stakabadhi ya mzigo hata utingo akikuambia hakuna haja. Pasipoti, dawa na fedha visiingie kwenye buti kamwe.

Uzito nao una hadithi yake. Mashirika mengi ya ndege za masafa marefu humruhusu abiria mabegi mawili ya kilo 23. Mzigo wa bure kwenye basi kwa kawaida ni kilo 20. Maana yake msafiri aliyejipanga sawasawa kwa ajili ya ndege tayari amezidisha kwa mujibu wa basi, na malipo ya ziada yatajadiliwa pale pale, huku injini inaunguruma. Yamalize siku unayokata tiketi, ofisini, na uandikiwe.

Halafu kuna Mbezi yenyewe. Stendi hiyo ilipofunguliwa mwaka 2021 iliondoa msongamano wa Ubungo, na hilo nalisifu. Kwa msafiri wa ndege, hata hivyo, bado kuna safari nyingine. Njia inayojulikana ni kushuka Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, kuingia Mandela mpaka Tazara, kisha Nyerere. Madaraja ya juu ya Kijazi na Mfugale yamepunguza adha, ila jioni foleni bado ni foleni. Madereva wanaoijua Dar hukata kupitia Malamba Mawili, Kinyerezi na Segerea na kutokea karibu na uwanja bila kugusa Ubungo. Mwambie dereva wa teksi hivyo kabla hamjapatana bei. Daladala kwa mtu mwenye mabegi mawili makubwa simshauri mtu. Utalipia nafasi za mzigo, utabadilisha gari, na akiba yenyewe itaishia kwenye jasho.

Hesabu basi ya basi ni hii: kupakia Kange, kushusha Mbezi, kupakia teksi, kushusha uwanjani. Kwa treni kutoka Tanga mjini, ongeza kupakia na kushusha Korogwe. Tofauti ni hatua moja tu, na ratiba ndiyo inayoipa uzito.

Nilisema ipo njia ambako basi linashindwa. Ni ile ya Wana-Tanga wanaokwenda kupandia ndege Nairobi. Mpaka Mombasa hakuna chaguo ila barabara: mpakani Horohoro utashuka na mabegi kukaguliwa, na basi la kawaida litakupeleka mpaka kivuko cha Likoni. Mwenye gari la kukodi anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu, akatokea upande wa Miritini bila kuvuka feri. Na Miritini ndipo ilipo stesheni ya treni ya Mombasa–Nairobi, inayofanya kazi tangu 2017. Kuanzia hapo, treni ni bora kwa kila kipimo ninachokijua. Inachukua kama saa tano au sita, wakati barabara ya Nairobi imejaa malori usiku na mchana. Tiketi inakatwa mapema kwa simu. Ukaguzi ni mkali: mabegi yanapangwa chini kwa mstari, abiria wanasimama kando, mbwa wanapita wakinusa, ndipo mabegi yanapitishwa kwenye mashine. Unachosha, na mwenye begi la kilo 30 ataliinua zaidi ya mara moja, lakini mzigo haupotei mikononi mwa mtu usiyemjua. Tena mwisho wa safari ni Syokimau, upande ule ule wa jiji ulipo uwanja wa Jomo Kenyatta, kwa hiyo huna haja ya kuikata Nairobi katikati.

Hapo ndipo funzo la kweli lilipo kwa wanaoshangilia treni yetu ya umeme. Ni treni nzuri, na mtu wa Morogoro anafika Dar chini ya saa mbili. Lakini angalia stesheni zake: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Reli inapita jirani na uwanja mkubwa kuliko yote nchini, wenye jengo la tatu lililozinduliwa mwaka 2019 kwa uwezo wa abiria milioni sita kwa mwaka, na hakuna stesheni ya uwanja. Abiria wa Dodoma aliye na mabegi anaupita uwanja, anashuka mjini, anapanda teksi na kurudi alikotoka. Watoto wetu wanaotua Gatwick, Uingereza, hukuta stesheni ya treni imeungana na jengo la abiria. Wanasukuma toroli mpaka stesheni. Kule treni na basi vinashindana kwa haki, na wengi wenye mabegi makubwa bado huchagua basi la masafa kwa sababu dereva huyapakia chini na hakuna kubadilisha njiani. Hapa kwetu mashindano hayo hayajaanza, kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachofika mlangoni.

Ndege ndogo za kutoka uwanja wa Tanga nazitaja kwa upesi. Zinafaa kwa mwenye begi jepesi, maana kikomo chake kwa kawaida ni kilo 15. Aliyerudi umra na dumu la zamzamu na zawadi za ukoo mzima hizo hazimhusu.

Kwa anayesafiri mwezi huu, ushauri wangu ni wa basi, kwa masharti. Ndege ya usiku: panda basi la kwanza la alfajiri, utakuwa na nafasi hata likikwama mizani ya Vigwaza. Ndege ya alasiri: panda la usiku wa kuamkia, usijipe moyo na la saa 12. Ndege ya asubuhi: lala Dar, hasa ukiwa na mzee au mtoto. Na anayepokelewa akitua usiku na mizigo mingi asikimbilie Mbezi usiku huo huo.

Kuna jambo ambalo wenye mabasi wa Tanga wangeweza kulifanya bila kusubiri reli wala serikali kuu. Kwa miaka mingi kumekuwa na mabasi madogo kati ya Arusha na Nairobi yanayomshusha abiria Jomo Kenyatta kabla ya kuingia mjini, na watu wa Arusha wameyazoea kiasi kwamba hawaulizani tena treni au basi. Kutoka Mbezi kupitia Kinyerezi hadi uwanjani ni kipande kifupi mno kikilinganishwa na njia nzima ya kutoka Kange. Basi moja kwa siku, linaloondoka alfajiri, lenye buti lisilopakia vifurushi vya maduka, likaacha abiria wa jiji Mbezi na kuendelea na wenye pasipoti mpaka jengo la tatu, lingemwezesha mzee wa Pongwe kupakia begi lake mara moja na kulishusha mara moja. Ruhusa ya njia hiyo inaombwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na abiria wapo tayari. Msimu wa hija na umra peke yake ungelijaza.